Kujua kwamba picha ni ya uongo hakukukingi nayo

Swali: «Shikamoo mama. Nina miaka 39, kazi yangu ni kutengeneza mabango na vipeperushi. Kutwa napunguza viuno, nafuta chunusi na michirizi, narefusha shingo na miguu. Hakuna anayeujua uongo wa picha hizi kunizidi. Hata hivyo nikizima kompyuta nikasimama mbele ya kioo, najiona sifai. Kwenye picha za familia mimi ndiye mpigaji siku zote, kusudi nisionekane. Juzi binti yangu wa miaka 14 alinijia na simu, akaniomba nimpunguze kiuno kwenye picha anayotaka kuiposti. Nilibabaika, nikamwambia kompyuta imegoma. Kwa nini kitu ninachojua ni uongo kinaniumiza? Na mtoto nimfanyie au nisimfanyie?»

Marahaba, mwanangu. Hiyo kompyuta iliyogoma imenichekesha, kisha ikanigusa, maana nami nimewahi kujificha nyuma ya mashine. Kabla sijasomea saikolojia nilikaa miaka kadhaa katika wakala wa matangazo, nikiandika maneno yanayokaa chini ya picha kama hizo unazozisafisha. Tulizijua mbinu zote, tulizicheka mezani, na bado sijawahi kuona wanawake wanaojinyima kula kama wale wa ofisi ile. Kwa hiyo kwanza acha kujiona mjinga. Ujinga haumo humu.

Nadhani unafikiri hivi: picha inatuumiza kwa kutudanganya, basi anayeujua udanganyifu ameshapata chanjo. Hata watunga sheria walifikiri hivyo. Israel ilipitisha sheria mwaka 2012 ikitaka tangazo lenye mwili uliokondeshwa kwa kompyuta liseme hivyo waziwazi. Ufaransa ikafuata: tangu tarehe 1 Oktoba 2017, tangazo ambalo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au kuongezwa lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya euro 37,500. Norway ilianza Julai 2022, na yenyewe ikawabana hata watu maarufu wa mitandaoni wanaolipwa kutangaza bidhaa.

Nia njema kabisa. Sasa sikia kilichotokea ilipopimwa. Marika Tiggemann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, wamefanya majaribio mengi wakiwaonyesha wanawake picha za mitindo, nyingine zina maandishi ya onyo na nyingine hazina. Onyo halikupunguza maumivu. Waliosoma kwamba picha imerekebishwa walitoka hawairidhii miili yao sawasawa na wale ambao hawakuambiwa kitu. Na walipofuatilia mwendo wa macho kwa vifaa, waligundua jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza: onyo linalotaja sehemu iliyoguswa, mathalani mapaja, liliwafanya wanawake wayatazame hayo mapaja zaidi. Onyo lilikuwa linawaonyesha njia.

Mtu akijifanya anakurushia jiwe usoni, utapepesa jicho hata kama unajua mkononi hana kitu. Kupepesa hakungoji ukumbuke unachokijua. Kujilinganisha nako kuna tabia hiyo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba binadamu anapotaka kujipima katika jambo lisilo na rula, hujipima kwa watu wengine. Urembo hauna rula. Hakuna kipimo cha kukuambia shingo yako inatosha, kwa hiyo akili inachukua shingo iliyo karibu na kuweka yako pembeni yake. Inafanya hivyo kwa kasi, bila kukuuliza shingo ile imetoka wapi. Maarifa yako kuhusu kuhariri picha yanafika baadaye, kama askari anayefika baada ya mwizi kuondoka.

Wewe una tatizo la ziada ambalo msomaji wa kawaida wa jarida hana. Fundi cherehani hawezi kuingia harusini asione mishono. Jicho lako limefundishwa kwa miaka kutafuta cha kuondoa: hapa pametuna, hapa pana kivuli, huu mchirizi ufutwe. Unalipwa kwa kuona kasoro upesi. Jioni unalipeleka jicho hilohilo mbele ya kioo, nalo halijui kwamba kazi imekwisha.

Hilo linanipeleka kwenye hiyo habari yako ya kuwa mpigaji picha siku zote, ambayo umeitaja kama jambo dogo nami silioni dogo. Mwaka 1997 wanasaikolojia Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts waliandika kuhusu kile kinachompata mtu anayekua akijua kwamba mwili wake unatazamwa na kutolewa alama: taratibu anahamia nje ya mwili wake, anajitazama kwa macho ya mtazamaji. Anatembea huku anajiona anavyotembea. Anacheka huku anawaza kidevu chake kinaonekanaje. Mwaka uliofuata, wao na wenzao walichapisha jaribio ambalo watu waliingia peke yao katika chumba chenye kioo, wengine wakavaa nguo za kuogelea na wengine sweta, kisha wakapewa hesabu wafanye. Wanawake waliovaa nguo za kuogelea walifanya hesabu vibaya kuliko waliovaa sweta. Kwa wanaume nguo haikuleta tofauti hiyo. Lilikuwa jaribio dogo, silibebeshi mzigo mkubwa, lakini kila mwanamke niliyemsimulia ameguna kwa namna moja. Akili inayojilinda isitazamwe vibaya inabakiwa na nafasi ndogo ya mambo mengine.

Na tukumbuke kwamba kukonda siko kitu pekee ambacho matangazo yanafundisha. Wembamba tumeuzungumza hadi tumechoka. Kuna somo la kimya zaidi, la jinsi mwanamke anavyokaa. Mwanasosholojia Erving Goffman alikusanya mamia ya matangazo na mwaka 1979 yakatoka kama kitabu kuhusu jinsia katika matangazo. Hakujishughulisha na nani mzuri. Alitazama mikono, magoti, vichwa. Mkono wa mwanamume katika tangazo unashika: unakamata usukani, unabana kalamu. Mkono wa mwanamke unagusa tu, unapapasa ukingo wa chupa, au unaugusa uso wake mwenyewe kana kwamba uso ule ni kitu chepesi cha kuvunjika. Mwanamke analazwa kitandani au sakafuni. Goti moja limekunjwa, na aliyekunja goti hawezi kukimbia wala kupigana. Kichwa kimeinama upande. Macho yamekwenda mbali, hayupo hapo. Wakiwa wawili, mwanamume amewekwa juu kidogo na ndiye anayeonyesha jambo linavyofanywa.

Wewe unaweza kulipima hili ofisini kwako kesho bila gharama. Chukua bango lolote lenye mwanamke, na mahali pake mfikirie mwanamume mzima mwenye miaka arobaini katika mkao uleule: amelala chali, kidole kiko mdomoni, goti limekunjwa, anatazama dari. Ukicheka, jiulize kwa nini hukucheka mwanzo. Nimefanya zoezi hili na wanafunzi mara nyingi. Kicheko kinakuja upesi, kisha chumba kinanyamaza.

Kwa nini picha zinatengenezwa hivyo? Wakati nikiwa kule kwenye wakala sikumwona mtu hata mmoja aliyewachukia wanawake. Tulikuwa na bidhaa ya kuuza na ukurasa wa kujaza. Tatizo ni kwamba aliyeridhika ni mteja mbaya. Soma historia uone. Mwaka 1915 Gillette ilitoa wembe wake wa kwanza kwa ajili ya wanawake, wakati ambapo magauni ya Marekani yalianza kuachia mikono wazi, na ghafla nywele za kwapa, ambazo hakuna aliyekuwa akizijadili, zikawa aibu ya kutibiwa. Mwaka 1919 likaja tangazo la dawa ya jasho iitwayo Odorono katika jarida la Ladies' Home Journal. Dawa yenyewe ilibuniwa na daktari aliyetaka mikono yake isitoe jasho wakati wa upasuaji. Binti yake akaihamishia kwapani, nalo tangazo likamnong'oneza msomaji kwamba huenda ananuka na hakuna rafiki atakayemwambia. Wasomaji wapatao 200 walikasirika wakafuta usajili wao. Mauzo ya dawa yalipanda kwa asilimia 112 mwaka ule uliofuata. Niliposoma takwimu hizo nikiwa bado naandika matangazo, nilikumbuka maneno fulani niliyoyaandika mwenyewe kuhusu viwiko vya mikono. Ndiyo, viwiko. Nimeshawahi kuwafanya wanawake waogope viwiko vyao.

Jarida nalo halina uhuru tunaolidhania. Msomaji anadhani yeye ndiye mteja, kumbe sehemu kubwa ya fedha inatoka kwa anayenunua kurasa za matangazo. Jarida la Ms. la Marekani lilipoamua mwaka 1990 kuachana kabisa na matangazo, mmoja wa waanzilishi wake, Gloria Steinem, alieleza mambo waliyokuwa wakidaiwa na watangazaji. Kampuni moja ya vipodozi, waliyoibembeleza kwa miaka, ilikataa kuwapa matangazo kwa sababu jarida liliweka jaladani wanawake wa Urusi ya Kisovieti wasiojipaka kitu usoni. Makala ile ilikuwa imeshinda tuzo. Haikusaidia.

Ukitaka kujua kipimo chenyewe ni cha aina gani, watazame wale waliochaguliwa kuwa kipimo. Mwaka 2003 mwigizaji Kate Winslet alilalamika hadharani baada ya jarida la GQ kumkondesha na kumrefusha miguu jaladani. Mwaka 2011 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili ya kampuni ya L'Oréal, moja la mwigizaji Julia Roberts na jingine la mwanamitindo Christy Turlington, kwa kuwa ngozi ilisafishwa kupita kiasi. Julia Roberts naye hakutosha kuwa Julia Roberts. Na mwaka 2017 Lupita Nyong'o aliikuta picha yake kwenye jalada la Grazia la Uingereza nywele zake za asili za nyuma zimefutwa na nyingine zimelainishwa. Hakukaa kimya, jarida likaomba radhi.

Kisa hicho cha Lupita kinanigusa zaidi ya vile vingine, kwa sababu kwetu tulio na ngozi nyeusi picha ilianza kutunyima haki hata kabla ya kuhaririwa. Kwa miongo mingi Kodak, kampuni ya filamu za kamera, ilizipelekea maabara kadi za kusawazishia rangi, na aliyekuwa kwenye kadi alikuwa mwanamke mweupe. Rangi yake ilipotoka sawa, basi mashine ilihesabiwa sawa, na nyuso nyeusi zikatoka kama kivuli chenye macho na meno. Unajua nini kilichosaidia filamu ziboreshwe? Malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri. Nyuso zetu zilipata nuru kwa fadhila za kabati.

Hapo ndipo mkorogo na krimu za kujichubua zilipopata soko. Fair & Lovely ilianza kuuzwa India mwaka 1975, na matangazo yake kwa miaka yalimwonyesha binti mweusi aliyekosa kazi au mchumba, kisha akapaka, kisha akapata. Mwaka 2020 kampuni inayoitengeneza, Unilever, ililibadilisha jina likawa Glow & Lovely. Kampuni hiyohiyo ndiyo mwenye sabuni ya Dove, iliyoanza mwaka 2004 kutuambia kila mwanamke ni mrembo alivyo. Hasira siku hizi zimeniisha, nabaki kustaajabu jinsi duka moja linavyoweza kuuza ugonjwa kwenye rafu ya kulia na pole kwenye rafu ya kushoto. Ila zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu za kujichubua haistaajabiwi: inaharibu figo. Kama ndani ya nyumba kuna kopo lisilotaja viambato vyake, litupe kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Mwaka 2014 Lupita alisimulia kwamba akiwa mtoto alikuwa akimwomba Mungu aamke asubuhi akiwa mweupe zaidi, na kwamba kilichombadilisha ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi tii mwenye asili ya Sudan Kusini, akisifiwa na ulimwengu. Alek Wek alikuwa jaladani mwa Elle ya Marekani Novemba 1997. Zingatia hapo: mtoto yule hakutolewa shimoni kwa maelezo kwamba picha za wengine ni za uongo. Alitolewa na picha nyingine.

Sasa tuje kwa binti. Uchunguzi ninaoukumbuka kila mara ninapoulizwa kuhusu mabinti ni wa Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, mahali ambapo mwili ulioshiba ulisifiwa na mtu aliyekonda alihurumiwa. Anne Becker wa Harvard aliwapima wasichana wa shule mwaka huo, akarudi kupima kundi jingine la umri ule mwaka 1998. Wenye alama za juu za kuvurugika kwa ulaji walikuwa asilimia 12.7, wakafika 29.2. Waliotapika makusudi ili wapungue hawakuwepo hata mmoja mwanzoni. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Ni makundi mawili tofauti, na maisha kisiwani yalikuwa yanabadilika kwa njia nyingine pia, kwa hiyo siwezi kuitwika televisheni kila kitu. Kilichonishika ni maelezo ya wasichana wenyewe. Walizungumza kuhusu kazi na maendeleo. Waliwaona wale wanawake wembamba wa kwenye skrini wana kazi, wana fedha, wanaheshimiwa, wakahisi kwamba mwili ule ndio nauli ya kufika huko.

Kwa hiyo binti anapotaka kiuno, mara nyingi kiuno ni jina tu. Anataka kukubaliwa na kundi, au kuna mtu kasema neno.

Usiogope kupita kiasi, hata hivyo. Uchambuzi uliokusanya majaribio 25, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba wanawake hujisikia vibaya zaidi kuhusu miili yao baada ya kutazama picha za wanamitindo wembamba, lakini kishindo chenyewe si kikubwa kwa mtu wa kawaida. Kilikuwa kikubwa zaidi kwa walio chini ya miaka 19 na kwa wale ambao tayari walikuwa na donda. Picha moja haivunji mtu. Matone mengi kwenye mahali palipokwisha kulainika, hayo ndiyo yanayochimba.

Na simu imeongeza matone. Sisi tulipokuwa wasichana jarida lilikuja mara moja kwa mwezi, na waliokuwemo walikuwa watu wa mbali. Sasa anayependeza ni yule anayekaa dawati la nyuma, na anapendeza kila saa. Nyaraka za ndani za Facebook zilizovuja mwaka 2021 zilionyesha kwamba wasichana 32 kati ya kila 100 walisema wakiwa wameshajisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Kamera yenyewe ya mbele ina hila: selfi ikipigwa kwa umbali wa sentimita 30, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko inavyoonekana mtu akisimama mita moja na nusu. Halafu Agosti 2025 jarida la Vogue la Marekani lilichapisha tangazo la kampuni ya mavazi ya Guess lenye mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa, ametengenezwa na akili mnemba, na maandishi madogo pembeni yakasema hivyo. Unakumbuka nilichokuambia kuhusu maandishi.

Jaribio jingine linahusu moja kwa moja ombi la binti yako. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, na wenzao waliwataka wanafunzi wa kike wajipige selfi na kuiweka mtandaoni. Wengine waliweka ilivyo, wengine waliruhusiwa kuirekebisha kwanza. Waliojipiga walibaki na wasiwasi zaidi na kujiona hawavutii kuliko ambao hawakufanya hivyo, na ruhusa ya kurekebisha haikuwaokoa. Ina maana hata ungemtengenezea kiuno cha nyigu, asingetoka pale amepona.

Basi kama kujua hakukingi, nini kinasaidia? Cha kwanza hakina ufundi wowote: kupunguza matone. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa Kanada uliohusisha vijana 220 wa miaka 17 hadi 25 waliokuwa na msongo. Nusu yao walipunguza mitandao hadi kama saa moja kwa siku, na baada ya wiki tatu tu walijisikia nafuu kuhusu sura na uzito wao. Hawakufundishwa kitu. Wewe kazi yako hairuhusu kufumba macho, najua, lakini saa zisizo za kazi ni zako. Kagua unaowafuata, na wale wanaokuacha umepungua kila ukiwafungua, waondoe bila kuwaaga. Weka mahali pao watu wanaofanya mambo, wa miili tofauti, wazee pia. Wazee ndio wanaokosekana kuliko wote.

Cha pili ni mdomo, na hapa mama anaweza kazi kubwa kuliko jarida. Maneno unayoyatamka mbele ya kioo binti yupo anayasikia: nimekuwa pipa, tumbo hili, nikipungua ndiyo nitavaa ile nguo. Hata sifa zina sumu yake. Ukimsifu shangazi kwa kupungua, umemfundisha mtoto kinachosifiwa ndani ya nyumba hii. Sitaki uanze kujisifu kwa nguvu, utajichekesha na yeye atakugundua. Nyamaza tu katika eneo hilo kwa mwezi mmoja.

Cha tatu nakipenda, kwa sababu kinageuza hotuba. Mwanasaikolojia Eric Stice na wenzake walibuni mpango ambao wasichana hawaelezwi ubaya wa kutamani wembamba. Wanatakiwa wao wenyewe waueleze, kwa sauti, mbele ya wenzao, na wamwandikie barua msichana mdogo. Mpango huo umejaribiwa mara nyingi na umepunguza dalili za matatizo ya ulaji. Mtu akijisikia akitetea jambo, moyo hufuata mdomo. Kwa hiyo usimhutubie binti kuhusu uongo wa picha. Muulize, wakati mnafanya jambo jingine, yeye angemwambia nini mtoto wa miaka tisa anayelia kwa sababu ya kiuno. Kisha nyamaza umsikilize, hata jibu likiwa la ovyo.

Na wewe mwenyewe: katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, Jessica Alleva na wenzake waliwapa wanawake zoezi la kuandika, mara tatu tu, kuhusu yale ambayo miili yao inaweza kuyafanya, na waliondoka wakiiridhia zaidi. Jaribu kwa robo saa. Mikono inayobeba, koo linaloimba, tumbo lililomlea huyo anayekuomba umkondeshe. Najua linasikika kama jambo la kitoto. Nilipofanya mara ya kwanza niliandika mistari miwili nikakwama, nikaona haya, na haya zile ndizo zilizonionyesha ukubwa wa shida.

Kabla ya picha, tahadhari moja. Ukiona binti anaruka milo au anakula mafichoni, anakwenda chooni kila baada ya kula, anafanya mazoezi kwa kujiadhibu, anapungua upesi au hedhi imesimama, usingoje ushauri wangu wala wa mtu mwingine wa kuandika. Mpeleke hospitali. Hayo ni maradhi, yanaua, na yakiwahiwa yanatibika.

Sasa picha yenyewe. Usimpunguze. Akitumia programu ya simu mwenyewe, usipigane naye. Atakuwa amefanya wanachofanya wenzake. Lakini mkono wako ni jambo tofauti. Yeye anajua kwamba mama ni mtaalamu wa kuona kasoro. Ukikata kiuno, mtaalamu amethibitisha kwamba kasoro ilikuwepo. Rekebisha mwanga kama picha ni nyeusi mno, kata pembeni kama kuna ndoo imeingia, vitu ambavyo ungemfanyia mteja yeyote. Ukifika kiunoni, mwambie: sina cha kupunguza hapa. Bila hotuba. Akinuna, mwache anune. Halafu siku mbili tatu zikipita, muulize nani alisema nini kuhusu kiuno chake, maana naweka dau kwamba yupo aliyesema.

Na umwambie ukweli kuhusu kompyuta. Kwamba haikugoma, uliogopa.

Baada ya hapo, safari ijayo mkikusanyika, mpe yeye kamera, wewe kaa katikati ya watu. Akishapiga, usimwombe akuonyeshe kwanza.